Chumba cha Nyigu, Mtambile

Vijana wa idara mliokuja nyuma yetu mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, nami nimekubali, kwa sababu mtu aliyestaafu mapema hana kisingizio cha shughuli. Vyeo vyangu vimo katika faili. Mshahara wangu ulikuwa siri iliyojulikana na kila muuza samaki wa Mtambile. Hayo siyasemi. Nitaandika juu ya chumba kimoja, matangi yake, na watu watatu niliofanya nao kazi humo, hasa miezi ile ambayo mmoja wao alikuwa katika eda, na mume aliyemwacha alikuwa akifanya kazi upande wa pili wa tangi hilohilo.

Nilifika kituoni nimevaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Dar es Salaam, na shahada ya elimu ya wanyama, na nilidhani Pemba nzima imekaa inaningoja. Kituo kilikuwa nyumba ya bati katikati ya mikarafuu, nje kidogo ya Mtambile, na aliyekuwa ananingoja ni mtu mmoja tu, Mzee Shaame, mhudumu mkuu wa matangi. Alikuwa amevaa kikoi na fulana, kofia kichwani, na mikono yake ilikuwa myeupe vidoleni kwa kukaa majini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama tai yangu kwa heshima ile mtu anayompa mgonjwa. Vyeti hakutaka kuviona. Alinipa mpira mwembamba, akaniambia niutie ncha moja ndani ya tangi, ninyonye ncha ya pili, uchafu wa chini uje kwenye ndoo. Nikanyonya kwa nguvu zote za shahada. Maji yakaniingia hadi puani.

"Haya," akasema, "sasa ushakunywa maji yao. Weye ni wa hapa."

Kazi yenyewe lazima niieleze, maana sasa haipo. Wafadhili fulani walikuwa wamepata wazo kwamba samaki wadogo wa mapambo wa Ziwa Tanganyika wanaweza kuzalishwa kisiwani na kuuzwa ng'ambo, kwa watu wanaowaweka sebuleni wakawatazama. Mzee Shaame aliitumikia kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, lakini hakuamini hadi mwisho kwamba yuko mtu duniani anayenunua samaki asimle.

Samaki walikamatwa na wazamiaji katika miamba ya Kigoma. Walikuja katika mifuko ya plastiki, nusu maji nusu hewa, kwa treni, kisha kwa meli, kisha kwa meli nyingine hadi Mkoani. Wengi walifika wamekufa. Waliofika hai tuliwapokea bandarini kama mahujaji, na mpagazi aliyebeba maboksi akauliza kwa nini serikali imepeleka watu mbali hivyo kuleta dagaa, na Msuka, hapahapa Pemba, wapo. Lakini hakuwaona vizuri. Mtu akiwaona vizuri hasemi dagaa. Walikuwa na urefu wa kidole, manjano ya ndizi iliyoiva sawasawa, na michirizi myeusi mitatu kutoka puani hadi mkiani, na pindo la mapezi lilikuwa la buluu, buluu ile ya moto wa jiko la mafuta ya taa. Jina lao la kitaalamu nililiandika ubaoni kwa chaki. Asubuhi yake lilikuwa limefutwa, na samaki wakaitwa nyigu.

Maji ya ziwa lao ni magumu, ya kwetu pale kilimani ni laini, kwa hiyo tulijaza vipande vya matumbawe katika tangi la saruji na kuyaacha maji yakae humo mpaka yakolee. Umeme ulipokatika, na wakati ule jambo la kushangaza lilikuwa umeme kuwaka, tulikuwa na mpira wa ndani wa tairi la lori, tumeujaza upepo kwa bomba la baiskeli, ukawa unatoa hewa polepole ndani ya matangi. Chakula chao kilikuwa viluwiluwi vya mbu. Tulivifuga katika mapipa nyuma ya nyumba, na bwana afya alipokuja kutukagua alisimama mbele ya mapipa yale muda mrefu, akijiuliza kama kuna sheria ya kuishtaki serikali kwa serikali.

Nyigu huwaozeshi. Hilo ndilo la kwanza nililojifunza ambalo sikulikuta chuoni, na nalisema kwa vijana watakaofuga samaki wa jamii hii. Ukimchukua dume mzuri na jike mzuri ukawatia tangi moja, mmoja atamuua mwenzake. Unawaweka wengi pamoja, unawapa mawe yenye mapango, kisha unangoja. Tulingoja mpaka mimi nikaanza kuandika ripoti za kuomba radhi. Hatimaye wawili wakachaguana, wakawafukuza wengine wote, na tukawaachia tangi kubwa peke yao. Jike ndiye aliyekuwa mkubwa, jambo lililompa Mzee Shaame mambo ya kusema kwa muda mrefu.

Mayai waliyabandika juu ya dari ya pango. Jike alikaa chini juu, tumbo likielekea mwamba, akiyapepea kwa mapezi. Dume alikuwa nje, anazunguka, na chochote kilichopita, hata kivuli cha mkono wangu, alikirukia. Vifaranga walipotoka hawakuogelea kwa makundi kama samaki wengine. Walikaa wametulia, kila mmoja ameugandia mwamba wake. Na wazazi walipotaga tena, wale wakubwa hawakufukuzwa. Walibaki palepale kati ya wadogo zao, na nimewaona kwa macho yangu, wao wenyewe wakiwa wadogo kama mbegu ya tikiti, wakimsimamia konokono aliyekuwa anasogelea mayai. Tulitundika kanga mbele ya tangi, tukaitoboa tundu, na mtu aliyekuwa zamu alikaa kwenye kigoda akichungulia. Ukigonga meza samaki hukimbia, ukipaza sauti huacha mayai. Kwa hiyo chumba kile tulizungumza kwa sauti ya msikitini, na viatu vilibaki nje ili mchanga usiingie.

Wahudumu wengine wawili walikuwa Mkasi na Hamad. Mkasi alikuwa binti yake Mzee Shaame, mrefu, mchache wa maneno, na ndiye aliyewalisha nyigu, akiwa mbele ya tangi. Hamad alikuwa kijana wa ng'ambo ya pili ya barabara. Yeye alisafisha kwa nyuma, kwenye nafasi nyembamba kati ya tangi na ukuta, na mpira wa kunyonyea. Wakawa wanaonana kupitia majini. Nilipogundua yanayoendelea, kila mtu mwingine alikuwa ameshagundua, na posa ilikuwa imeshapelekwa. Walioana, wakapata mtoto wa kike, wakaendelea na kazi, mmoja mbele mmoja nyuma.

Vyama vingi vilikuwa vimeingia. Mzee Shaame alikuwa na chama chake na Hamad na ndugu zake wote walikuwa na cha pili, na mwanzoni hilo lilikuwa la kutaniana. Mzee alikuwa akimwambia mkwewe kwamba hata nyigu dume anajua kuwa jike ndiye serikali. Hamad alijibu kwamba serikali ya nyigu angalau inakaa nyumbani na wanawe. Kisha utani ukaisha. Mnaotoka Pemba hamhitaji kuelezwa, na msiotoka Pemba nitawaeleza kwa ufupi. Watu walisusiana. Mtu wa chama hiki hakununua duka la mtu wa chama kile. Maiti wa huku hakuzikwa na watu wa kule. Misikiti iligawanyika. Na baya kuliko yote, mtu alitoa salamu, assalamu alaykum, mbele ya maskani, yaani baraza ya wanaume ya njiani, iliyojaa watu aliokua nao, na hakujibiwa. Mtambile wengi walikuwa upande wa Hamad, na Mzee Shaame alipita barabara ile kila siku kuja kazini. Akaacha kutoa salamu. Alisema hataki kuwatia watu dhambini.

Chumbani kwetu aliweka amri moja, na hakuniuliza mimi niliyekuwa mkubwa wake. Siasa ikae nje na viatu.

Kosa letu kubwa la ufugaji lilitokea miezi ya kampeni. Tuliambiwa atakuja mgeni rasmi. Hakuna binadamu wa nchi hii anayesikia maneno hayo akabaki na akili yake. Tulipaka chokaa kuta, mpaka mashina ya mikarafuu ya njiani. Tuliazima zulia na kiti cha mito. Na kwa kuwa nyigu ndio walikuwa fahari yetu, tulitoa mawe yote ndani ya tangi lao, tukayasugua kwa brashi mpaka yakang'aa, na Hamad akayarudisha amepanga kama sufuria za bi harusi, kubwa nyuma, dogo mbele. Sote wanne tulisimama tukalitazama tangi, tukaridhika. Mimi nilisema limekuwa na hadhi.

Mgeni rasmi hakuja, safari iliahirishwa. Na ndani ya tangi, jike alianza kumpiga mumewe. Hawa samaki, nilikuja kujua baadaye, hawajuani kwa sura tu. Wanajuana kwa mahali. Huyu ni mwenzangu kwa sababu yuko katika pango letu. Tulipobadilisha mawe, pango lao likatoweka, na kila mmoja akamwona mwenziwe kama mgeni aliyeingia nyumbani kwake. Dume akawa amebanwa pembeni juu ya maji, mapezi yamechanika. Tulikata kipande cha kioo tukagawa tangi nusu kwa nusu, vifaranga wakabaki upande wa mama yao. Wakawa wanaonana lakini hawafikiani.

Uchaguzi ukafika. Sitasema upi, kila Mpemba ataweka wake. Matokeo yalipotangazwa watu wa chama cha Mzee Shaame walikwenda kupiga ngoma, na ngoma hiyo ilipigwa uwanjani kwake. Yeye anasema aliombwa uwanja na hakuweza kukataa. Ndugu zake Hamad wanasema alicheza. Usiku huo nyumbani kwa Hamad walikaa kaka zake wakamuuliza atalala vipi na binti wa mtu anayewachezea ngoma juu ya vichwa vyao. Mkasi akatoka chumbani akawaambia kwamba baba yake ni mtu mzima na ngoma ni yake, na wao waende wakalale makwao. Mke kumjibia mumewe mbele ya kaka zake. Hamad akamwacha, talaka moja.

Asubuhi Mkasi alikuja kazini kutoka kwa baba yake, mtoto amemfunga mgongoni. Hamad alikuja kutoka kwake. Wakavua viatu. Mkasi akakaa mbele ya tangi, Hamad akapita nyuma, na kati yao kulikuwa na maji, na katikati ya maji kile kioo.

Kwa wasiojua sheria, talaka moja ina mlango. Muda wote wa eda, yaani mpaka mwanamke atwaharike na hedhi mara tatu, mume anaweza kumrejea kwa neno tu, bila ndoa mpya na bila mahari. Eda ikiisha kabla hajasema, mlango umefungwa, na mwanamke yuko huru kwa yeyote. Tena, kwa sheria, mwanamke wa talaka hiyo hukaa eda nyumbani kwa mumewe hasa ili mlango usiwe mbali. Lakini sisi mila yetu ni nyingine. Akiachwa leo, leo hii anabeba kisanduku chake kwenda kwao. Shehe wetu alilisema hilo msikitini kila mwaka, na kila mwaka watu waliitikia kwa vichwa, kisha visanduku vikaendelea kubebwa.

Kwa hiyo miezi ile sote tulikuwa tunahesabu kitu ambacho si adabu kuhesabu.

Nilijitia usuluhishi. Nilimwita Hamad nje, chini ya paa la mapipa ya viluwiluwi, nikamweleza kwa utaratibu, nikianzia na hali ya siasa katika nchi zinazoendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu.

"Bwana Saidi," akasema, "weye hujaoa. Kaa na samaki."

Nikakaa na samaki. Niliona, hata hivyo, kwamba kila asubuhi palikuwa na kitu kwenye meza ya kulishia, mahali Mkasi anapoweka kikombe chake. Sabuni ya mtoto. Ndizi mbili. Kitambaa. Hakuna aliyekuwa ameweka. Mkasi aliviacha hapohapo, na jioni niliviona vimesogezwa ukutani kwa mpangilio, kama duka lisilo na mteja. Siku moja akaniita, akaniambia kwa sauti ileile ya chumba kile, na Hamad akiwa nyuma ya tangi anasikia kila neno, "Mwambie asiweke sabuni. Kuniacha aliniacha kwa mdomo. Sabuni haina mdomo."

Nikasema nitamwambia. Nyuma ya tangi mpira ulikuwa umeacha kunyonya.

Miaka iliyofuata mambo hayo niimalize hapa, nisije nikayaharibu mbele. Wafadhili waliondoka kwa sababu zao za siasa, kituo kikabaki na jina na umeme wa deni, nami nikahamishiwa kwenye mwani, kisha majongoo ya bahari, kisha semina. Hakuna nyigu hata mmoja aliyefika kwenye sebule ya mtu ng'ambo. Lakini siku zile tulikuwa hatujajua hayo. Tulikuwa na jozi moja tu iliyowahi kuzaa, na imegawanywa na kioo, na Mzee Shaame aliamua tujaribu kuwarudisha. Wazo lilikuwa rahisi. Kama kubadilisha mawe ndiko kulikowatenga, basi mawe yarudi kama yalivyokuwa.

Hakuna aliyekumbuka yalivyokuwa. Mimi nilikuwa nimechora mapezi, mayai na meno, sikuchora nyumba. Mzee akamtazama binti yake. Mkasi akasema anakumbuka mbele, kwa sababu ndiko alikolishia, nyuma hakujui. Kisha nyuma ya tangi Hamad akasema, kama anayemwambia ukuta, kwamba nyuma anakujua yeye.

Wakatia mikono majini, yeye huku, yeye kule. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu usiku ule, na walizungumza mawe tu.

"La bapa lilikaa juu ya jeusi," akasema Mkasi.

"Si hilo. Lile lenye pembe."

"Hili?"

"Ligeuze. Weye huliona lilivyo, mie naona tumbo lake."

"Hapa palikuwa na tundu, dume akitokea hapa."

"Palikuwa padogo kuliko hapo. Lisogeze kwako. Zaidi. Basi."

Mzee Shaame alikuwa amekaa kwenye kigoda na mjukuu wake mapajani. Walipomaliza mawe yalikuwa ovyo kabisa, hayana hadhi hata kidogo, na sote tulijua kwamba ndivyo yalivyokuwa.

Tukawapa siku chache watulie. Kisha Mzee akatoa kioo. Dume alitoka pembeni, akaenda moja kwa moja kwenye tundu lake la zamani, na kwa muda tulidhani imekuwa. Jike akatoka pangoni akamvamia. Hakumpa nafasi. Hamad alitia wavu akamtoa dume kabla hajauawa. Jike akarudi kwa wanawe, akasimama mbele ya pango peke yake, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo naona ndilo bora nililoliona kazini. Vifaranga wakubwa, wale wa uzao wa kwanza, walitoka wakaenda kukaa upande ule ambao baba yao alikuwa akizunguka. Wakausimamia wao.

"Mawe tumerudisha," akasema Mzee Shaame. "Samaki hakurudi." Akamtazama Hamad kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi. "Na mtu aliyemwacha ntoto wangu kwa kura, mie sitamrudisha kwa mawe."

Hamad akatoka. Nilimwona dirishani amesimama kwenye mikarafuu bila viatu.

Najua mnachotaka niandike hapa, na siandiki. Nimesoma elimu ya wanyama kwa fedha za umma, na kitu kimoja nilichofundishwa ni kutotoa fatwa za ndoa kwa kutazama samaki. Nyigu ni nyigu. Ana pango, mayai na adui. Hana kaka zake waliokaa barazani, hana mkwe, na hajui aibu. Hamad alikuwa na vyote hivyo, na hicho ndicho kilichomfunga mdomo, na mimi kama ningekuwa mahali pake ningefungwa vilevile.

Baada ya siku hizo Mzee Shaame aliniambia faragha kwamba yuko karani mmoja wa Mkoani, mtu wa chama chake, ameshatuma watu kuulizia. Alisema bila furaha. Mkasi alikuwa karibu sana kutoka edani, mama yake ndiye anayejua, na akitoka atajibiwa yule karani. Aliniambia mimi, nadhani, kwa sababu alijua kwamba siwezi kukaa na neno. Nikalipeleka kwa Hamad kabla ya adhuhuri. Alinisikiliza, akaendelea kusuuza ndoo.

Kesho yake alichelewa, jambo ambalo hakuwahi. Alipokuja alivua viatu mlangoni, lakini hakupita nyuma. Alikuja mbele ya tangi. Mkasi alikuwa amekaa na bakuli la viluwiluwi. Mzee Shaame alikuwa ameinama tangi la pili, mpira mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika kipimajoto, na nikaendelea kukishika.

"Mkasi," akasema, "nimekurejea."

Hakupaza sauti. Hata samaki hawakushtuka. Neno lilikuwa limetoka, na kisheria lingetosha, lakini kwa siku zile, na kaka wale, na karani yule, neno lisilo na mashahidi lingekuwa ugomvi wa miaka. Mashahidi ni wanaume wawili. Mmoja alikuwa mimi, na mimi niliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Wa pili alikuwa ameinama na mpira mdomoni, na kama angesema hakusikia, hakuna ambaye angeweza kumwambia ulisikia.

Alimaliza lile tangi. Uchafu ulitoka wote, maji yakaanza kutoka safi, akaendelea kuyaacha yatoke. Kisha akabana ncha ya mpira kwa kidole, akajinyoosha, akajipangusa mdomo.

"Nimesikia," akasema.

Mkasi hakuinua macho. Alitia kijiko cha mwisho cha viluwiluwi ndani ya maji, akangoja waliwe. "Na mie nimesikia," akasema. "Lakini sirudi usiku kama mwizi. Nimetoka kwako watu wanajua. Nitarudi watu wanaona. Alasiri, kwa barabara kuu, mbele ya maskani yenu. Kisanduku changu ubebe weye."

Kaka zake Hamad walikaa maskani ile kila alasiri. Hamad alimtazama mtoto, akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, akasema sawa.

Siku ya pili yake baada ya sala ya alasiri tulitoka kwa Mzee Shaame. Kwa desturi mwanamke anayerudi kwa mumewe husindikizwa na wanawake, shangazi au mama mdogo, baba hukaa ndani. Shangazi walikuwa wametoa udhuru, kila mmoja na ugonjwa wake. Mzee Shaame akavaa kanzu, akatia kofia, akatangulia yeye. Nyuma yake Mkasi na mtoto, nyuma yake Hamad na kisanduku begani, na nyuma kabisa msomi wa chuo kikuu na godoro la sufi kichwani, limening'inia pande zote mbili mpaka nikawa naona visigino vya Hamad tu.

Niliijua maskani tulipoifikia kwa sababu mazungumzo yalikatika. Bao lilikuwa linachezwa, nikasikia kete zimeacha kugonga. Visigino vya Hamad vikapunguza mwendo. Nadhani sote tulitaraji Mzee apite kimya kama alivyokuwa akipita miaka yote ile. Alisimama. Akageuka kuwaelekea, hilo nililijua kwa sauti yake, na akaitoa kamili, polepole, haikupungua herufi. Assalamu alaykum.

Mtoto alikohoa. Godoro lilikuwa zito na jasho lilikuwa linaniingia machoni, na nilikuwa nafikiri kwamba nikiliangusha hapa nitakuwa nimeharibu kila kitu.

Kisha mtu akaitikia. Mpaka leo sijui ni nani, kaka yake Hamad au mzee wa bao au mpita njia, maana nilikuwa ndani ya godoro, na waliokuwapo kila mmoja anamtaja mwingine. Ilikuwa sauti ya kiume, nzito, kama ya mtu ambaye neno limemkwama kooni siku nyingi. Wengine hawakufungua midomo. Lakini salamu ikitolewa kwa kundi, akiitikia mmoja amewatosheleza wote. Mzee Shaame aliijua hukumu hiyo kuliko mimi. Akageuka, na visigino vya Hamad vikaanza kutembea tena.